Usielekeze Maiki Kwa Shimo! Jinsi ya Kurekodi Gitaa Kavu Ukiwa Ocha ama Kwa Keja

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Desemba iliyopita nilikuwa ocha, Mitaboni, kule Kathiani, Machakos. Umau wangu ako na gitaa kavu ameishi nayo kabla hata mathe azaliwe. Hatumii piki. Anapiga na vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba inatembeza besi, hicho kingine kinachuna melodi juu yake, na ukifunga macho unaweza kuapa ni wasee wawili wamekaa hapo. Nyimbo zake hazijawahi kurekodiwa popote. Haziko YouTube, haziko kwa kaseti, redio haijawahi kuzicheza. Ziko kwa vidole vyake, na vidole vyenyewe vimeanza kukaza. Asubuhi ya baridi mkono wa kushoto haukunji vizuri.

Basi mimi, kwa kujifanya prodyusa, nikaweka simu kwa meza, nikabonyeza rekodi, nikamwambia, "Umau, piga." Akapiga nyimbo nne. Ya mwisho ni ile alitunga wakati alikuwa anamchumbia susu. Aliipiga mara moja tu, akaegemeza gitaa kwa ukuta, akaenda kuangalia ng'ombe.

Usiku nikavaa hedfoni nisikize. Maze! Besi inanguruma mpaka nyuzi nyembamba zimezama. Posho mill ya jirani iko ndani mwanzo hadi mwisho. Kila akichuna kwa nguvu simu inashusha sauti yenyewe, akitulia inaipandisha, mpaka unaskia kuku wakitembea nje. Ilikuwa kama mtu anapiga gitaa ndani ya tangi la maji.

Nilirudi Aprili. Kati ya hiyo Desemba na hiyo Aprili nilisoma, nikauliza mabeshte wa studio, nikaharibu rekodi nyingi kwa keja. Hii stori ni yale nilijifunza. Kama kuna msee kwenu anapiga gitaa, nyatiti, orutu ama kitu yoyote ya nyuzi, soma mpaka mwisho kabla hujafanya kama mimi.

Kwanza jua sauti inatoka wapi

Wengi wetu tunafikiri sauti ya gitaa inatoka kwa shimo. Sivyo. Inatoka kila mahali, ila kila mahali pana sauti yake.

Uzi peke yake hauna kelele. Unatingisha daraja, pale ambapo nyuzi zimefungwa chini. Daraja linatingisha ubao wa mbele, na huo ubao ndio spika yako. Ukiweka maiki karibu na daraja unapata sauti ya mbao, imejaa katikati, kavu kidogo. Ukiisogeza kwa shingo unapata sauti nyembamba, nyuzi ziking'ara, na vidole vikiteleza.

Shimo nalo ni stori tofauti. Hewa iliyo ndani ya tumbo la gitaa inapumua kupitia hapo, na kwa gitaa nyingi inapumua kwa nguvu zaidi karibu na hertz 100. Hiyo ni besi. Fikiria ukipuliza juu ya mdomo wa chupa ya soda, ile "vuuu". Ukielekeza maiki moja kwa moja kwa shimo, ukiwa karibu, hiyo "vuuu" ndiyo inameza kila kitu. Hapo ndipo mimi nilianguka, kwa sababu simu yangu kwa meza ilikuwa inatazamana na shimo, centimita chache tu.

Kwa hivyo sheria ya kwanza, iandike kwa mkono: usielekeze maiki kwa shimo.

Maiki gani? Usikimbie kununua kwanza

Kuna familia mbili kubwa unafaa kujua.

Ya kwanza ni dainamiki. Ndizo hizi za kanisa, za MC, za harusi. Shure SM58 ndiyo maarufu, ilitoka 1966, na ndugu yake SM57 ilitoka 1965. Ni ngumu kuvunjika, hazihitaji umeme, na hazishiki kelele ndogo za mbali. Shida ni kwamba gitaa kavu ni chombo cha upole. Dainamiki inataka kelele ya kutosha, kwa hivyo lazima upandishe geini sana, na ukipandisha sana unaanza kuskia "shhhh" ya mashine yenyewe. Si eti haiwezi. Inaweza, hasa kama msee anachuna kwa nguvu, ama kama nyumba iko karibu na barabara na unataka maiki isiyo na umbea.

Ya pili ni kondensa. Hii ni nyepesi kuskia, inashika ule mlio mdogo wa ukucha ukigusa uzi. Nyingi zinahitaji umeme wa volti 48 unaopita kwa kebo ya maiki kutoka kwa intafesi ama mikisa. Wasee wa studio wanauita fantomu. Kuna kondensa za kiwambo kidogo, zile nyembamba kama kalamu nene, na za kiwambo kikubwa, zile unaona rapa amesimama mbele yake kwa video. Kwa gitaa moja wengi huanza na ile nyembamba kwa sababu inashika mwanzo wa kila noti vizuri. Ile kubwa si mbaya pia, inaongeza unene kidogo. Lakini kondensa ni mmbea wa plot. Jogoo, bomba likitoa tone, jirani akikohoa, yote inaandikwa.

Kitu kingine ni umbo la kuskia. Maiki nyingi za jukwaani ni kadioidi: zinaskia mbele vizuri, pembeni kidogo, nyuma karibu hakuna. Hii ni silaha. Mgongo wa maiki unauelekeza kwa kile hutaki. Ila kadioidi iko na tabia: ukiisogeza karibu sana, besi inafura. Ndio maana mtangazaji akibusu maiki sauti yake inakuwa nzito. Maiki za omni zinaskia pande zote sawa, na hazifuri besi zikiwa karibu. Zile ndogo za kubana kwa shati, kama BOYA BY-M1 ambayo karibu kila mtengenezaji wa video mtaani anayo, ni omni.

Kabla uende Luthuli kutoa ganji, skiza: maiki ya bei ikiwekwa vibaya inashindwa na maiki ya kawaida ikiwekwa vizuri. Nimejaribu zote mbili. Sogeza maiki centimita kumi na utaskia tofauti kubwa kuliko kubadilisha maiki yenyewe.

Chumba ni nusu ya ngoma

Nyumba nyingi zetu ni simiti chini, ukuta wa mawe, mabati juu. Sauti inatoka kwa gitaa, inagonga ukuta, inarudi kwa maiki ikiwa imechelewa kidogo. Ukisogeza maiki mbali, sauti ya gitaa yenyewe inapungua lakini ile inarudi kutoka kwa ukuta haipungui kwa kiasi hicho. Nje palipo wazi, kila ukidabo umbali sauti inashuka desibeli 6 hivi. Ndio maana chumba kibaya kinakulazimisha uende karibu, na chumba kizuri kinakupa ruhusa ya kurudi nyuma kidogo upate pumzi.

Kujua chumba chako, simama katikati, piga makofi mara moja. Ukiskia "trrrr" kama ya uzi wa chuma, hapo pana ngori. Dawa si sponji za bei. Dawa ni godoro, blanketi, nguo, makochi. Egemeza godoro kwa ukuta ulio nyuma ya mpigaji, kwa sababu maiki inatazama huko. Tundika blanketi pembeni. Tandika mkeka ama shuka nzito chini ya kiti. Usimkalishe mtu kwa kona, besi inajazana pale kama watu kwa stage ya matatu saa kumi na mbili jioni. Usimweke katikati kabisa ya chumba pia. Mvute kidogo upande mmoja.

Mabati ni adui akiwa na mvua tu, lakini pia yanalia jua likipanda, yale ma-"tak, tak". Kwa hivyo saa ni muhimu. Ocha, saa nzuri nilipata ni asubuhi baada ya jogoo kumaliza maneno yao na kabla posho mill iwashwe. Usiku ni nyenje. Jumapili ni spika za kanisa. Siku ya soko sahau, boda hazikomi.

Ndani ya nyumba zima friji, zima TV, toa saa ya ukutani. Kama unatumia laptopu, chomoa chaja. Stima yetu inatembea kwa hertz 50, na chaja mbaya inaleta "mmmmm" ya hiyo namba ndani ya rekodi, na ni kazi kuiondoa bila kula besi ya gitaa.

Halafu mwangalie mpigaji mwenyewe. Kiti kinalia? Badilisha. Vifungo vya koti vinagusa mgongo wa gitaa? Vua koti. Saa ya mkono, bangili, funguo kwa mfuko, zote nje. Umau ana koti moja la vifungo vya chuma halitoki mwilini. Ilibidi susu aingilie kati.

Sasa weka maiki: freti ya 12

Hapa ndio kiini cha mambo. Hesabu vile vichuma vimepita kwa shingo, zile freti, mpaka ya 12. Kwa gitaa nyingi hapo pana vidoti viwili, na ni karibu na pale shingo inakutana na tumbo. Weka maiki mbele ya hapo, umbali wa centimita 20 hadi 30, yaani kama shubiri moja na kidogo. Sasa igeuze kidogo itazame pale shingo na tumbo zinapokutana. Inapita kando ya shimo bila kulikodolea macho.

Hapo unapata nyuzi zikiwa safi, mbao kidogo, besi ya kutosha bila kufura. Ni mahali pa kuanzia, si amri ya Musa. Kutoka hapo unatumia masikio:

Besi imezidi? Rudisha maiki nyuma centimita tano, ama igeuze zaidi kwa shingo.

Sauti ni nyembamba, haina mwili? Igeuze kidogo kwa daraja.

Vidole vinalia sana vikiteleza, ile "fwiii"? Sogeza maiki iondoke shingoni, ama ipandishe juu kidogo itazame chini.

Pumzi ya mpigaji inaskika? Wazee wengi hupumua na puani wakizama kwa ngoma. Shusha maiki, iwe chini ya gitaa ikitazama juu kidogo.

Kuna njia ingine ya bure kabisa. Ziba sikio moja na kidole. Mwambie mpigaji aendelee. Tembeza hilo sikio lingine polepole mbele ya gitaa, karibu na mbali, juu na chini. Kutakuwa na mahali utaskia na useme, "Hapa!" Weka maiki hapo. Sikio moja linaskia karibu kama maiki moja. Masikio mawili yanakudanganya, kwa sababu ubongo unayapanga na kuficha uchafu wa chumba.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukisogeza maiki, ukabadilisha kiti, ukapandisha geini zote pamoja, hautajua nani alifanya kazi. Rekodi nusu dakika, skiza na hedfoni, sogeza, rekodi tena. Usitumie nyimbo za maana kwa majaribio. Mwambie apige ile kitu yoyote ya kupasha vidole moto. Mzee hana tekes ishirini kwa mfuko, na hilo nililijua nikiwa nimechelewa.

Maiki mbili: raha na mtego

Ukiwa na maiki mbili unapata stirio, gitaa inakuwa pana kwa hedfoni. Lakini hapa ndio wengi wanajichoma.

Sauti inatembea karibu mita 343 kwa sekunde. Kama maiki moja iko mbali na gitaa kuliko ingine kwa centimita 17, sauti inaifikia imechelewa nusu ya elfu moja ya sekunde. Inaonekana kitu kidogo, sivyo? Lakini sauti ya hertz 1000 kwa huo muda imefika nusu ya mzunguko wake. Moja inasukuma, ingine inavuta. Ukizijumlisha, hiyo sauti inakufa. Na si hiyo pekee, kuna nyingine juu yake zinakufa pia. Gitaa inatoka na mashimo, inaskika kama imelazwa, na unabaki ukilaumu nyuzi.

Njia salama ni kuweka vichwa vya maiki mbili pamoja, kimoja juu ya kingine bila kugusana, vikitazama pande tofauti kwa pembe ya nyuzi 90. Hii inaitwa XY. Sauti inafika kwa zote karibu wakati mmoja, kwa hivyo hakuna vita. Rekoda ndogo za mkono kama Zoom H1n zimeundwa hivyo tayari, ndio maana wasee wa kurekodi mashinani wanazipenda.

Njia ya pili ni kuzitenganisha, moja kwa freti ya 12 na ingine upande wa daraja. Pa kuanzia ni kuhakikisha umbali kati ya maiki na maiki ni mara tatu ya umbali wa maiki na gitaa. Kama kila moja iko centimita 20 kutoka kwa gitaa, zenyewe ziachane centimita 60. Hapo kila moja inaskia ya kwake zaidi kuliko ya jirani.

Ukimaliza, bonyeza mono. Kama gitaa imekonda ama besi imetoroka, sogeza maiki moja kidogo ujaribu tena. Kumbuka watu wengi watacheza hiyo ngoma kwa spika moja ya simu wakiwa kwa matatu. Mono ndio mtihani wa kweli. Na kama una shaka, tumia maiki moja. Maiki moja iliyokaa vizuri haina wa kupigana naye.

Uko na simu tu? Bado unaweza

Usiskie vibaya. Simu ya leo iko na maiki nzuri kuliko unavyofikiri. Shida ni vile tunaitumia.

Weka hali ya ndege, kwa sababu simu ikipigwa katikati ya wimbo umekwisha. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuandika WAV na kuzima ile tabia ya kupandisha na kushusha sauti yenyewe. Ukiweza kuchagua, weka 48,000 kwa sekunde na biti 24.

Jua maiki ya simu iko wapi. Kwa simu nyingi ni tundu dogo chini, karibu na pa chaji. Hilo ndilo linatazama freti ya 12. Na usiweke simu kwa meza tupu. Meza inatetemeka na kurudisha sauti. Kunja sweta, iweke juu ya kiti kingine, ulaze simu hapo, chini yake ikichomoza kidogo. Umbali? Centimita 30 hadi 40, kwa sababu maiki ya simu inaskia pande zote na hauna cha kuelekeza.

Ukiwa na maiki ya kubana, usiibane kwa shati ya mpigaji kama ni gitaa unataka. Ifunge kwa stendi, hata mti wa ufagio ulioegemezwa kwa kiti, uiweke mbele ya gitaa kama tulivyosema.

Geini nayo isikutie tamaa. Mwambie apige ile sehemu ya nguvu zaidi, uangalie mita. Kilele kikae kati ya toa 12 na toa 6. Ikigonga sifuri, sauti inakatwa kichwa na hakuna programu ya kukirudisha vizuri. Ikiwa chini kidogo, unaipandisha baadaye bila shida. Na wapigaji wote, wazee kwa vijana, hupiga kwa nguvu zaidi wakijua sasa ni ya ukweli. Acha nafasi.

Nyatiti na orutu nazo?

Sheria ni zile zile, mwili ndio tofauti. Nyatiti ya Wajaluo iko na nyuzi nane na bakuli lililofunikwa na ngozi. Mpigaji anakaa kwa kigoda kifupi, amevaa pete ya chuma kwa kidole cha mguu anayogonga nayo mbao, na njuga kwa mguu, na mara nyingi anaimba pia. Hiyo ni bendi ya mtu mmoja. Ngozi ndiyo spika, kwa hivyo elekeza maiki huko kutoka juu kidogo, centimita 30 ama 40. Pete na njuga ziko chini na zina makelele ya juu, kwa hivyo zikizidi inua maiki, zikipotea ishushe. Usizifute. Bila hiyo pete, nyatiti si nyatiti. Ukitaka kuskia ikirekodiwa ikiwa na nafasi na pumzi, tafuta Ayub Ogada, albamu ya En Mana Kuoyo ya 1993.

Orutu iko na uzi mmoja na upinde, na ule upinde unakwaruza. Ukienda karibu unarekodi mkwaruzo. Rudi nyuma nusu mita, inua maiki, usiitazamishe moja kwa moja pale upinde unagusa. Labdi, yule dem wa orutu, ukiskiza kazi yake utajua hicho chombo kikipewa nafasi kinaimba kama mtu.

Kwa nini inatuhusu

Kuna ngoma moja ya gitaa ambayo wapigaji wengi wa hapa wanaiheshimu: Masanga, ya Mwenda Jean Bosco. Bosco alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu pale Jadotville, Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, alimskia na kumrekodi. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na bendi. Ilikuwa gitaa, vidole na maiki. Hiyo rekodi ilifika Kenya, na stailo za vidole zikasambaa. Kwetu kulikuwa na wakali kama George Mukabi wa omutibo, na zile ngoma za enzi hizo unaskia mtu akigonga chupa ya soda pembeni kushika mwendo. Chupa ina mlio mkali, kwa hivyo ukirekodi stailo hiyo leo muweke wa chupa nyuma ya maiki ya kadioidi, hapo ambapo haiskii sana.

Tracey alirekodi pia Kenya, 1950 kwa Wakipsigis, ndipo ikatoka Chemirocha. Rekodi zake zinahifadhiwa Afrika Kusini, kwa taasisi aliyoianzisha 1954 inayoitwa ILAM. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zikarudishwa kwa Wakipsigis wenyewe, na Ketebul Music ya Nairobi ilihusika. Ketebul hao hao, pamoja na Abubilla, wanafanya mradi wa Singing Wells tangu 2011: wanabeba studio kwa gari, wanaenda kijijini, wanarekodi muziki pale pale unapoishi.

Lakini hawawezi kufika kila boma. Kwa boma lenu, hiyo studio ya gari ni wewe na simu yako.

Aprili, Mitaboni

Nilifika Ijumaa jioni. Sikutoa simu. Jumamosi asubuhi nikaegemeza godoro kwa ukuta wa sebule, nikatandika blanketi chini, nikamwekea umau kiti cha mbao kisicholia. Nilikuwa nimeazima kondensa moja nyembamba na intafesi ndogo kwa beshte. Susu alimwambia avue koti, akavua. Tukasubiri jua lipashe mikono, na chai ikanyweka.

Wakati anapasha vidole nilitembeza sikio moja mbele ya gitaa nikiwa nimeziba lingine. Aliniangalia kama mtu ameona kijana wa Nairobi amechanganyikiwa. Nikapapata: freti ya 12, shubiri moja na nusu, maiki ikitazama shingoni na mgongo wake kwa dirisha la upande wa posho mill. Nikarekodi nusu dakika, nikaskiza. Besi ilikuwa imefura kidogo. Nikarudi nyuma centimita tano. Basi.

Akapiga nyimbo sita. Posho mill iliwashwa kwa ya tano, na ukiskiza kwa makini utaiskia mbali. Nimeiacha. Ile ya susu nilimuomba mwisho. Akasema vidole vimechoka. Susu akasema kitu kwa Kikamba kutoka jikoni, hakuna aliyenitafsiria na sikuhitaji. Akaipiga. Kidole kimoja kiliteleza ubeti wa pili, unaskia kabisa, na unaskia akicheka kidogo puani.

Nilimvisha hedfoni askize. Alikaa kimya wimbo wote. Nikangoja pongezi. Akazitoa, akaniambia uzi wa tatu ulikuwa umeshuka, mbona sikumwambia akaze?

Kwa hivyo hii ni ya mwisho, na inatoka kwa umau mwenyewe: tuni gitaa kabla ya kila wimbo, hata kama ulituni dakika tano zilizopita. Nyuzi hushuka zikipata joto. Halafu bonyeza rekodi, nyamaza, na usikate haraka wimbo ukiisha. Acha noti ya mwisho ife yenyewe.

Faili ziko sehemu tatu sasa: kwa simu, kwa flashi ya binamu, na kwa wingu. Moja haitoshi. Wikendi hii ukienda ocha, beba sweta ya kulazia simu.